Biblia yenye itifaki na marejeo, toleo dogo la zipu: tathmini baada ya miezi mitatu

Biblia hii niliinunua kwa shilingi 45,000 katika duka la vitabu vya dini lililopo maeneo ya Posta. Dada wa kaunta alinihakikishia, "Hii ina itifaki na marejeo, baba, hutahangaika." Tafsiri ni ile ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo wengi tumeisikia tangu utotoni, kwa hiyo ninapima tu vile vilivyoongezwa kumsaidia msomaji: itifaki, yaani orodha ya maneno pamoja na mistari yanamopatikana, na marejeo, yaani vidokezo vya kando ya mstari vinavyokuelekeza kwenye mistari mingine inayohusiana nao.

Kipimo kilijileta chenyewe nilipopangiwa kuongoza somo katika jumuiya yetu ya Kimara. Wiki hiyo dalali alikuwa ametoa nje vyombo vya jirani yetu mmoja, na baadhi yetu, nami nikiwamo, tulisimama ng'ambo ya barabara tukihesabu makochi kwa furaha isiyofichika, kwa kuwa mtu huyo hakuwa na salamu. Bibi mmoja wa jumuiya akataka kujua kama Maandiko yana hukumu kwa watu wa namna yetu.

Nilianza na itifaki. Neno "msiba" lilinipeleka Mithali 17:5, inayosema kwamba anayeufurahia hatakosa adhabu. Neno "adui" likanipeleka Mithali 24:17-18, yenye sababu ambayo sikuitarajia: Bwana akiiona furaha yako, aweza kuigeuza hasira yake imwache yule adui. Nikadhani nimemaliza. Hata hivyo, itifaki hufuata maneno, nayo dhambi hii aghalabu ni ya macho, makofi na mguno. "Aha" haimo kabisa katika orodha, na kwa sababu hiyo Ezekieli 25 ilinipita, sura ambayo Waamoni wanalitamka neno hilo juu ya patakatifu palipotiwa unajisi, kisha wanapiga makofi na kukanyaga chini kwa miguu. Hukumu yao ni kwamba Raba, mji wao mkuu, ambao leo ni Amman ya Yordani, utakuwa zizi la ngamia.

Sura hiyo niliipata kupitia marejeo ya safu ya katikati nilipokuwa nasoma Obadia, na ni marejeo hayo yaliyoirudisha fedha yangu. Kitabu cha Obadia kina mistari 21 tu, lakini mashtaka yake dhidi ya Edomu, uzao wa Esau, yamepangwa kwa namna inayomchoma msomaji: kwanza walisimama kando wageni walipoupigia Yerusalemu kura, kisha wakatazama, wakafurahi, wakanena kwa kiburi, wakagusa mali, na mwisho wakasimama njia panda kuwakata wakimbizi. (Sisi tuliishia kwenye kutazama na kucheka, sijui kama huo ni utetezi.) Mstari wa 15 unatamka kwamba watatendewa kama walivyotenda. Kutoka hapo safu hiyo inakupeleka Zaburi 137:7, ambapo Edomu inahimiza mji ubomolewe hadi misingi, na Maombolezo 4:21, ambapo kikombe, yaani cha hasira ya Mungu, kinaahidiwa kuifikia nayo.

Upungufu mkubwa ni kwamba marejeo hayo yanaonyesha upande mmoja. Hakuna panapokuelekeza Zaburi 58:10, inayosema mwenye haki atafurahi akionapo kisasi, wala Ufunuo 18:20, ambapo mbingu zinaambiwa zishangilie anguko la Babeli. Bibi yule aliijua Zaburi hiyo kwa kichwa, akanitupia mbele ya watu wote, nami nikabaki nafunua kurasa.

Kurasa zenyewe ni nyembamba mno, na kwa joto la Dar es Salaam hushikamana na vidole vyenye jasho. Zipu imeanza kushika kutu. Maandishi ya marejeo ni madogo kiasi kwamba umeme ulipokatika, tochi ya simu haikunisaidia kitu. Duka lilelile linauza toleo la maandishi makubwa kwa nyongeza ya shilingi 20,000, na mwenye macho ya umri wangu achukue hilo.