iPad au daftari na rangi za maji?
Kila nikifungasha begi hapa Berlin nabishana na nafsi yangu nibebe ipi ya kuchorea. Kwa bei daftari linashinda kweupe, kiboksi cha rangi kavu na brashi moja umemaliza, iPad na kalamu yake si mchezo, kodi ya mwezi imeyeyuka. Ila mteja akikwambia saa nne usiku "hiyo kofia iwe nyekundu", kwenye iPad ni dakika mbili, kwenye karatasi unaanza upya huku unalia. Januari nilikuwa nje nachora, baridi ikala chaji ya iPad hadi ikazima, nikatoa daftari kwa mbwembwe, kumbe na maji ya rangi nayo yanaganda jamani! Matunzo? Kioo kikipasuka umekwisha, daftari likilowa pia basi. Unaishi kwa dedilaini, beba iPad. Unasafiri kutuliza macho, daftari linatosha, chaja iache kwenye soketi.