Santuri za Krismasi za zamani: uanze na ipi, na uikague vipi kabla ya kutoa pesa

Kila Desemba, mabasi ya kutoka Dar yakianza kushusha watu Moshi, napigiwa simu na ndugu wenye swali lilelile: nyumbani kwa wazee gramafoni bado ipo, wanatafuta santuri ya Krismasi ya kuipigia, wachukue ipi? Mimi huzitafuta mwaka mzima, kwa mafundi redio wa Arusha, kwenye mitumba, na zaidi kwenye makabati ya nyumba za Kibosho, Machame na Marangu.

Kabla ya kutaja majina: nunua sahani, usinunue jalada. Santuri ya Krismasi hutolewa siku chache tu kwa mwaka, ndiyo maana jalada lake hubaki linang'aa. Lakini siku hizo chache ndizo za nyumba kujaa watu, watoto wanaogombea kuweka wimbo, na sindano ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha tangu iliponunuliwa. Niliwahi kulipia jalada safi kabisa, nikafika nyumbani nikakuta ndani yake sahani ya taarabu. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla sijasoma lebo.

Ya kwanza: Jim Reeves, "Twelve Songs of Christmas" (1963). Kwa huku kwetu sioni ya kushindana nayo. Mwimbaji alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini sauti yake haijawahi kuondoka kwenye sebule za Kilimanjaro. Tatizo ni kwamba muziki wake ni mpole, na muziki mpole hauna pa kuficha mchakacho. Mkwaruzo ambao kwenye disko usingeusikia, hapa utausikia kila mzunguko. Muuzaji akikuruhusu kujaribu, usianze na "Jingle Bells" iliyo mwanzoni. Peleka sindano upande wa pili, wimbo wa mwisho, "Silent Night". Karibu na lebo, mfereji ambamo sindano hupita huzunguka duara dogo, sindano hupata taabu zaidi, na hapo ndipo uchakavu hujitokeza kwanza. Ukisikia sauti inakwaruza kwenye herufi "s", iache.

Ya pili: Boney M., "Christmas Album" (1981). Ngoma na besi zake husamehe mengi, kwa hiyo sahani yenye mikwaruzo midogo bado itachangamsha nyumba. Kama pesa ni ndogo, tafuta ile sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ya mwaka 1978 yenye "Mary's Boy Child – Oh My Lord". Angalia tundu la katikati: likiwa kubwa utahitaji kipete cha kuliziba.

Ya tatu: Elvis Presley, "Elvis' Christmas Album" (1957). Nzuri, ila wauzaji hupenda kutaja bei ya toleo la kwanza kwa matoleo ya baadaye. Toleo la kwanza lina jalada la kukunjua lenye kijitabu cha picha ndani. Hakuna kijitabu, hakuna bei hiyo.

Ya mwisho: sahani nzito za mizunguko 78. "White Christmas" ya Bing Crosby ndiyo huulizwa sana. Aliirekodi 1942, kisha akairekodi upya 1947 kwa sababu bamba la awali lilichakaa kwa kuchapia nakala nyingi, hivyo umri wa wimbo haukwambii umri wa sahani. Hizi ni za shelaki, utomvu mgumu badala ya plastiki, zikianguka zinavunjika kama kigae, na zinahitaji sindano nene ya kwake. Kama mashine yako haina mwendo wa 78, usijisumbue.

Sasa ukaguzi, na hapa ndipo watu wengi huliwa. Itoe sahani kwa kushika ukingo na lebo tu. Nenda nayo dirishani, iinamishe mpaka mwanga uje kwa ubavu. Taa ya dukani inayowaka juu yako huficha kila kitu. Mistari myembamba kama nywele si hatari. Pitisha ukucha kidogo sana juu ya mkwaruzo: ukiuhisi, utausikia, na pengine sindano itaruka. Weusi uliofifia ukawa kama kijivu ni mfereji ulioliwa na sindano, na hakuna dawa yake. Tazama pia pembeni ya tundu la lebo. Alama nyingi za kijiti cha gramafoni kinachoingia kwenye tundu hilo zinasema imepigwa sana, hata kama muuzaji anaapa ilikaa kabatini.

Kisha iweke usawa wa jicho uone kama imepinda. Moshi mjini joto ni adui, na sahani zilizolala zikirundikana hupinda zaidi. Huko juu mlimani adui ni unyevu: jalada linanuka, na vidoa vyeupe vya ukungu vimetapakaa. Ukungu mwepesi huoshwa kwa maji yaliyochujwa vizuri na tone la sabuni ya vyombo. Spiriti usiiguse kwenye sahani za 78, inayeyusha shelaki.

Wauzaji wa mtandaoni hutumia herufi kueleza hali ya sahani. NM ni karibu mpya, VG+ ina dalili ndogo tu, VG inachakacha lakini muziki unatawala. G isikudanganye: ni sahani iliyochoka. Kwa Jim Reeves sishuki chini ya VG+, kwa Boney M. nakubali VG. Na herufi ya muuzaji mimi huishusha daraja moja mpaka nijionee mwenyewe.

Ukinunua kwa mzee, usiingie na bei mdomoni. Shikamoo, kaa, mwache akueleze nani aliinunua. Mara nyingi atakuonyesha na nyingine ambazo hazikuwa za kuuzwa. Isafirishe ikiwa imesimama wima, kamwe isiwe kwenye dashibodi ya gari juani. Na kama unaweza kusubiri, usinunue Desemba wakati kila mtu anaitaka. Rudi Januari, ada za shule zikiwa mlangoni.