Lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM mikononi mwa mzazi anayejifunza mwenyewe kupiga picha za watu

Dar es Salaam jua huchomoza na kuzama saa kumi na mbili na ushei, na nuru laini ambayo wapiga picha huisubiri haidumu. Asubuhi nuru hiyo hupita wakati watoto wanavalishwa sare na kukimbizwa kwenye basi la shule. Jioni huja wakati wa kuogesha, kupika na kusimamia kazi za shule. Saa anazobaki nazo mzazi ni za mchana, jua likiwa utosini na vivuli vizito vikiwa vimejaa kwenye macho ya anayepigwa picha. Kwa sababu hiyo mzazi anayeanza kazi hii bila mwalimu na bila studio atapiga picha zake nyingi ndani ya nyumba, kando ya dirisha, au kwenye kivuli cha baraza, na hapo lenzi inayoingiza nuru nyingi itamfaa kuliko kamera mpya. Hiyo ndiyo sababu ninaipendekeza Canon EF 50mm f/1.8 STM, ambayo nimeitumia kwenye kamera ya Canon EOS 2000D tangu nilipoanza kupokea kazi za picha za watoto, za ubatizo na za akina mama wajawazito sebuleni kwetu.

Canon waliitoa lenzi hii mwaka 2015 kwa bei ya dola 125 za Marekani, ikachukua nafasi ya EF 50mm f/1.8 II iliyokuwa sokoni tangu 1990. Ina uzito wa gramu 160 hivi, kitako chake, yaani sehemu inayoshikana na kamera, ni cha chuma badala ya plastiki, na tundu lake, yaani uwazi unaopitisha nuru, linaundwa na visu 7 badala ya 5 vya ile ya zamani, hivyo taa na matundu ya nuru yaliyo nyuma ya mtu huonekana ya mviringo zaidi. Haina zumu hata kidogo. Anayetaka kusogeza picha karibu lazima asogee kwa miguu yake.

Manufaa yake makubwa yanaeleweka kwa hesabu. Lenzi ya 18-55mm ambayo kamera nyingi za wanaoanza huuzwa nayo, ikivutwa kufikia karibu 50mm, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6 (namba ya f ikipungua, tundu huwa kubwa zaidi). Tundu la f/1.8 hupitisha nuru inayokaribia mara kumi ya hiyo. Sebule ambayo ingekulazimisha kushusha kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupokea nuru, hadi sehemu ya 20 ya sekunde sasa inakuruhusu kufika sehemu ya 200, bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, na bila kuwasha fleshi. Mtoto wa miezi sita hatulii, na katika sehemu ya 20 ya sekunde mkono wake unakuwa ukungu. Katika sehemu ya 200 unaonekana hadi mikunjo ya vidole. Kukosekana kwa kitulizo cha mtikisiko ndani ya lenzi hii hakunisumbui katika kazi ya watoto, kwa maana kitulizo hutuliza mkono wa mpiga picha tu, wala hakimzuii mtoto kujirusha.

Nuru yenyewe haihitaji gharama. Dirisha lenye wavu wa mbu tayari limelainisha jua, na shuka jeupe likishikwa upande wa pili wa uso hurudisha nuru kwenye shavu lililo gizani. Nawasihi wanaoanza waangalie pia rangi ya ukuta ulio karibu, kwa kuwa ukuta wa kijani hupaka ukijani kwenye ngozi, na kuusahihisha kwenye kompyuta usiku, watoto wakiwa wamelala, hula muda ambao mzazi hana. Anayeona haya kufanya kazi kwa vitu vya nyumbani amkumbuke Seydou Keïta wa Mali, aliyejifunza mwenyewe na kufungua studio yake Bamako mwaka 1948: aliwapiga picha wateja uani kwa nuru ya jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitanda chake.

Hata hivyo, tundu kubwa lina masharti yake. Kwenye kamera ya aina ya EOS 2000D, ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu na kutumia f/1.8, eneo linaloonekana kwa ukali lina kina cha sentimita sita tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshaanza kufifia. Mtu akiinamia mbele kidogo baada ya wewe kulenga, jicho nalo limepotea. Kwa uso mmoja uliotulia, hali hiyo hupendeza sana. Kwa mama aliyempakata mtoto haifai, kwa kuwa mmoja kati yao atatoka amefifia, na mteja hatajali kwamba nyuma yake kumepotea vizuri namna gani. Kwa picha ya watu wawili mimi huenda f/4 na kusimama mita mbili, ambapo kina hicho hufika sentimita 24 hivi, na hulenga jicho lililo karibu kwa nukta moja ya fokasi ninayoichagua mwenyewe, badala ya kuiachia kamera. Faida nyingine ya kufunga tundu kidogo ni kuondoa ule mstari wa zambarau unaojitokeza kwenye f/1.8 pale nguo nyeusi inapokutana na dirisha linalong'aa.

Upungufu unaoniuma zaidi ni nafasi. Kwa sababu kihisi cha kamera hizi kama EOS 2000D, yaani sehemu inayopokea picha, ni kidogo, lenzi hii huona kama lenzi ya 80mm kwenye kamera ya fremu kamili, yenye kihisi kikubwa. Hilo ni jema kwa uso, kwani halikuzi pua wala kupanua paji, lakini mtu mzima aliyesimama wima anahitaji mita nne na nusu hivi kati yake na kamera ili aenee kuanzia kichwani hadi miguuni. Sebule nyingi za nyumba zetu hazina urefu huo baada ya kuweka makochi na meza. Familia nzima ya watu sita haiwezekani kabisa ndani. Kwa hiyo msiuze lenzi ya 18-55mm mkishapata hii. Kwa makundi, tokeni nje kwenye kivuli kipana na mtumie hiyo ya 18-55mm.

Nyumba yenye watoto inadai pia tahadhari ya umbo lake. Sehemu ya mbele hutokeza inapolenga karibu, na haipendi kusukumwa, hivyo ni vyema kulenga mbali kabla ya kuzima kamera ili irudi ndani. Kinga ya jua, ES-68, huuzwa peke yake.

Anayenunua iliyotumika Kariakoo aangalie maandishi STM mbele ya lenzi na kipenyo cha 49mm, kwa kuwa ile ya zamani, f/1.8 II, ni ya 52mm. Aiondolee vifuniko, amulike kioo kwa tochi ya simu na kutazama upande wa pili: unyevunyevu wa pwani huotesha kuvu wenye nyuzi kama utando wa buibui, na lenzi yenye kuvu usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Wenye kamera za Canon za EOS R, ambazo kitako chake ni tofauti, wanahitaji kiunganishi ili kuitumia, nao heri wanunue RF 50mm f/1.8 STM iliyotoka mwaka 2020. Wenye Nikon ndogo kama D3500 watafute 50mm f/1.8G, kwa sababu ile ya herufi D hailengi yenyewe kwenye kamera zisizo na mota ndani.