Wamempaka bibi yangu poda

Duka lenyewe la kusafisha picha silitaji, lakini lipo mjini Unguja na wengi mnapita mbele yake mkienda sokoni. Kwa picha ya pasipoti nendeni tu. Kwa picha ya mtu unayempenda, usithubutu.

Tangu kabla ya Ramadhani najifunza kupiga picha humu humu nyumbani kwetu Kikwajuni, kwa simu. Machweo ya Nungwi wanayo wageni. Mimi napiga mama mkubwa akisuka ukili, viatu vilivyovuliwa mlangoni, bibi akikuna nazi uwani. Nimejua kuzima taa ya umeme mchana, maana ikichanganyika na mwanga wa dirishani rangi ya ngozi inaharibika. Nimejua moshi wa kuni hauonekani vizuri mpaka jua liwe nyuma yake. Kubwa kuliko yote, nimejua kuwa simu ikiona kiza kingi hukazana kukiangaza, na uso nao unapauka. Basi nagusa uso kwenye skrini, nashusha mwanga kwa kidole polepole, mpaka bibi abaki na weusi wake na mikunjo yake yote. Picha ile ya bibi na nazi nilihangaika nayo asubuhi nyingi.

Nikaipeleka isafishwe, kubwa, ya kutia fremu. Nikakabidhiwa mwanamke mwengine kabisa. Uso mweupe, mashavu laini, hana hata kunyanzi moja. Nikauliza kulikoni. Kaka wa kaunta hata macho hakuyatoa kwenye simu yake: "Dada, picha yako nyeusi mno, tumekusaidia. Bi mkubwa kapendeza, unataka nini tena?"

Kapendeza! Kwani alivyo hapendezi? Najua ugonjwa huu ni wa zamani. Maabara za picha zilikuwa zikipimia rangi kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu ya Marekani, zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na weusi wetu ukatoka vibaya. Lakini wale walikuwa Marekani, hawatujui. Huyu ni Mzanzibari, naye ana bibi yake.

Bibi aliitazama, akaniuliza, "Nani kanipaka poda?" Akanirudishia, hakutaka kuiona tena.

Nikarudi nayo dukani. Haki isemwe: ndani, kwenye mashine, yupo binti mmoja mwenye adabu na kazi yake anaijua. Alinieleza kuwa mashine hurekebisha mwanga wa kila picha yenyewe, na marekebisho hayo yanazimika. Ule ulaini wa uso, huo mtu ameutia kwa mkono wake. Akaichukua picha yangu ya asili, akazima marekebisho, akaitoa upya. Wallahi sijaona kazi nzuri kama ile! Kiza cha mlangoni kimekaa mahali pake, mishipa ya mkono wa bibi inahesabika, nazi kwenye sinia nyeupe pe. Nilitaka kuwasamehe wote, niwasifu kila mahali.

Yule kaka akanidai pesa tena. "Kazi mbili, malipo mawili." Nikalipa, kwa sababu picha alikuwa ameishika yeye. Basi sifa zote nimezirudisha, isipokuwa za binti.

Ukilazimika kwenda, muulizie yeye, mwambie wasiguse mwanga wala uso, na usitoe hata senti kabla hujaiona picha. Ukiambiwa hayupo, geuza.