Pedi za breki za IST: ununue zipi, na usilipie nini

Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ile iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ilikusudiwa soko la Japani. Tanzania imetufikia ikiwa imeshatumika, na tangu hapo imehudumiwa na mafundi wa mtaani kwa spea za Kariakoo na Ilala. Mwenye gari hili hana sababu ya kukimbilia kwa wakala mkuu kila pedi zinapoisha. Ila wengi wanaokwepa bei ya wakala wanaishia kubana pesa mahali pabaya: wananunua pedi za bei ya chini kabisa, halafu wanalipia diski, breki shuu (zinazosugua ndani ya dramu za nyuma) na vikorokoro vingine ambavyo bado vilikuwa vizima. Mimi nashauri kinyume chake. Nunua pedi nzuri, na usibadilishe kitu chochote ambacho hakijapimwa.

Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Vitz, Raum na Spacio, mradi usome namba ya chesisi ya gari lako mwenyewe.

Kabla ya kutoa hela

IST ina diski mbele na dramu nyuma. Ukikanyaga breki uzito wa gari unahamia mbele, kwa hiyo pedi za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa na ndizo zinazowahi kuisha. Breki shuu za nyuma mara nyingi hudumu muda mrefu kuliko pedi. Fundi akikuambia "bosi, tubadilishe zote nne" kabla hajafungua dramu, mwambie afungue kwanza, muangalie wote.

Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10 za nyenzo ya kusugulia, bila kuhesabu bamba la chuma la nyuma. Zikibaki milimita 3, badilisha. Pedi nyingi zina kijibamba chembamba cha chuma kinachogusa diski zikikaribia kuisha, na huo ndio ule mlio mkali mwembamba unaousikia ukiwa barabarani. Ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, ujue nyenzo imeisha kabisa na sasa diski ndiyo inaliwa. Hapo usisubiri mwisho wa mwezi.

Diski nayo inapimwa, haikadiriwi kwa macho. Kuna unene wa chini unaoruhusiwa, na mara nyingi umechorwa kwenye diski yenyewe kwa herufi MIN na tarakimu za milimita. Fundi makini ana venia, kifaa cha kupimia unene. Apime ndani ya eneo linalosuguliwa na pedi, si kwenye ukingo, kwa sababu ukingo huwa haujaliwa na utakudanganya. Kama unene upo na hakuna mifereji mirefu, iache. Kama usukani unatetemeka ukifunga breki kwenye mwendo, diski inaweza kuchongwa kwa mashine, lakini kama kuichonga kutaishusha chini ya kipimo hicho, nunua mpya mbili.

Taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, watu hukimbilia kuongeza mafuta ya breki. Pedi zikiliwa, kiwango cha mafuta kwenye kikombe hushuka chenyewe. Ukijaza leo, kesho fundi akirudisha pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ili pedi mpya ziingie, mafuta yatafurika na kuharibu rangi ya gari. Angalia pedi kwanza. Kama pedi bado nene na mafuta yamepungua, kuna mahali yanavuja, na gari hilo halifai kuendeshwa.

Nafasi ya kwanza: pedi za watengenezaji wa Kijapani wanaouzia viwanda vya magari

Toyota haitengenezi pedi zake zote yenyewe. Advics, kampuni iliyoundwa 2001 ikiwa na mkono wa Aisin, Denso, Sumitomo na Toyota yenyewe, hutengeneza mifumo ya breki kwa ajili ya magari mapya. Akebono na Nisshinbo nao ni majina makubwa ya Japani katika kazi hiyo. Pedi halisi za kampuni hizi, zikiwa kwenye maboksi yao wenyewe, ndizo ninazoweka juu kwa mtu anayetumia gari kila siku. Unapata ubora wa kiwandani bila kulipia nembo ya Toyota kwenye boksi.

Shida ni moja tu: majina haya ndiyo yanayoigwa zaidi. Nitarudi hapo.

Ya pili: OG (orijino) yenye boksi la Toyota, ukiinunua mwenyewe

Ubora hauna shaka. Bei ndiyo inayoishusha kwenye orodha yangu, ingawa kwa duka unaloliamini tofauti inaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani. Uliza kwa namba. Pedi za mbele za Toyota huanza na 04465, breki shuu za nyuma 04495, na tarakimu tano zinazofuata hutegemea chesisi. NCP60 ni ya injini ya 1300, NCP61 ya 1500, NCP65 ni ya kuvuta tairi zote nne. Usikubali jibu la "IST zote ni moja". Chukua namba kamili ya chesisi, muombe muuzaji atafute kwenye katalogi, na uende na pedi yako ya zamani mkononi ili uzilinganishe palepale kaunta.

Ya tatu: Bosch, Ferodo, TRW na wenzao

Hizi ni chaguo zuri na la haki, hasa kwa anayetafuta bei ya kati. Tafuta alama ya E ndani ya duara pamoja na maandishi 90R. Hiyo inatoka kwenye kanuni ya R90 ya Umoja wa Mataifa, inayodai pedi ya kubadilishia isitofautiane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika nguvu ya kusimamisha.

Ya nne, kwa nyuma tu: kubandikisha lining

Breki shuu za zamani zinaweza kubandikwa lining mpya, yaani nyenzo ya kusugulia. Kwa malori ni kazi ya kawaida, hugongwa kwa riveti. Kwa gari dogo naikubali pale tu shuu mpya zinapokosekana na fundi wa kubandika anafahamika kwa kazi yake, maana gundi ikiachia, lining hujikunja ndani ya dramu na tairi hukamata ghafla. Pedi za mbele usizibandikishe kamwe.

Za kuacha dukani

Pedi zisizo na jina, au zenye jina usiloweza kulifuatilia kokote, mimi sinunui hata kama muuzaji ana mdomo mtamu. Mtu anayeteremka mlima Kitonga na gari lililojaa anahitaji nyenzo isiyopoteza mshiko ikipata moto, na pedi mbovu hupoteza hapohapo. Pedi za mtumba pia acha, kwa kuwa hujui zimechemka mara ngapi wala zimelowana mafuta gani. Mtumba una nafasi yake kwenye kalipa au dramu iliyopimwa.

Kujua feki, na kukwepa cha juu

Pindua pedi usome ubavuni au mgongoni. Watengenezaji wengi huandika jina, namba ya toleo na herufi mbili mwishoni, kwa mfano FF. Herufi ya kwanza ni mshiko ikiwa baridi, ya pili ikiwa imepata moto. Kwa kipimo cha mshiko, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari la familia FF inatosha vizuri. Ukiona EE, mguu wako utafanya kazi zaidi. Boksi linalosema jina kubwa wakati pedi ndani haina maandishi yoyote, rangi imemwagikia kwenye nyenzo, au kingo zimemeguka, lirudishe.

Kariakoo usiingie ukiongozwa na winga (dalali) kama unataka bei nzuri, kwani cha juu chake, yaani pesa anayojiongezea, kitawekwa kwenye bei ya spea yako. Ulizia maduka kadhaa kwa namba ileile ya spea. Dai risiti ya EFD. Ukigundua umeuziwa feki, hiyo risiti ndiyo utakayoipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Fundi pia mlipe ufundi wake waziwazi na spea ununue mwenyewe. Ukimwachia anunue, usimlaumu akijiongezea.

Kazi yenyewe

Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, bila kujali upande mmoja umebaki kiasi gani. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira, pini zikagoma, na pedi ya upande mmoja ikaisha mapema. Kalipa isiachwe ikining'inia kwa hosi.

Mzuie fundi asipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa. Huwezi kujua pedi zilizokuja na gari zilikuwa na asbesto au la, na vumbi hilo linaingia mapafuni mwake na mwako. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha.

Kama mafuta ya breki hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishe siku hiyohiyo. Yananyonya unyevu wa hewa, na Dar unyevu haukosekani. Mafuta yakichemka breki hazishiki: aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155.

Kabla ya kuondoka gereji, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, gari likiwa limesimama. Kisha tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 bila kukanyaga kwa nguvu, rudia mara ishirini au thelathini huku ukiacha nafasi ya kupoa. Pedi na diski zinahitaji kuzoeana. Kwa siku chache za mwanzo epuka kufunga breki kwa ghafla pale inapowezekana.

Wasiofaa kufuata njia hii

Kama gari lako ni Prius ya 2003 na kuendelea, breki zake huendeshwa na kompyuta, na pampu inaweza kujiwasha ukifungua tu mlango wa dereva huku fundi ana vidole kwenye kalipa. Magari yenye breki ya mkono ya kubonyeza kitufe nayo lazima yawekwe kwenye hali ya matengenezo kabla pistoni za nyuma hazijarudishwa. Kwa haya tafuta gereji yenye mashine ya kusomea gari na fundi aliyewahi kuyashika, na kama hayupo karibu yako, lipa bei ya wakala.