Freudenberg, Ujerumani: lipia mwongozaji, usiishie kwenye picha

Wengi wanaoijua Freudenberg wanaijua kwa picha moja tu: nyumba nyeupe zenye mbao nyeusi, safu juu ya safu kwenye mteremko, paa zote nyeusi, mbele zote zinatazama upande mmoja. Picha hiyo hupigwa kutoka Kurpark, bustani iliyo juu upande wa pili. Wageni hupanda, hupiga, kisha hao, wanarudi zao. Mimi nililipia matembezi na mwongozaji ndani ya mji mkongwe wenyewe, unaoitwa Alter Flecken, na pesa yangu ilikwenda mahali pake.

Kitu cha kwanza alichotueleza ni kwa nini nyumba zinafanana hivyo. Mwaka 1666 moto uliteketeza karibu mji mzima, na ulikuwa umeshaungua vibaya mwaka 1540. Ukajengwa upya kwa kufuata ramani ileile ya zamani. Kwa hiyo nyumba hizi zaidi ya 80 ni za rika moja hasa, na ndiyo sababu jicho halikutani na kitu cha kulikwaza.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ilikuwa ukuta mmoja walioacha sehemu yake wazi, wakaifunika kwa kioo. Aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo hahitaji mkalimani hapo. Kuna fito zilizosukwa, udongo uliochanganywa na majani makavu ya nafaka ukakandikwa pande zote mbili, na juu yake chokaa. Udongo huo haubebi chochote, kazi yake ni kuziba tu. Uzito wote unabebwa na fremu ya mbao: nguzo, boriti za kulala, na mbao za mshazari zinazozuia nyumba isiyumbe. Seremala alikuwa anachonga fremu nzima chini, anaijaribu, anatia kila ubao alama yake kwa patasi, ndipo inasimamishwa. Viungo vinakazwa kwa vijiti vya mbao ngumu. Mwongozaji alituonyesha kimoja kilichochomoza kidogo, nilikigusa, hakitikisiki. Chini kabisa kuna msingi wa mawe ili mbao zisinyonye unyevu wa ardhini.

Alisema jambo ambalo ningependa mafundi wetu walisikie. Ukipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa namna hii, unyevu unanaswa ndani na mbao zinaoza kimyakimya. Udongo na chokaa vinaacha ukuta upumue. Ndiyo maana ukarabati mzuri hapa unarudi kwenye udongo uleule.

Mbona hakuna nakshi nyingi, kama unazoziona kwenye miji mingine ya Ujerumani? Eneo hili, Siegerland, liliishi kwa chuma, na kuyeyusha chuma kulihitaji mkaa mwingi mno. Msitu ulikuwa mali ya kulindwa. Mwaka 1790 ikatoka hata sheria ya kubana unene wa mbao za kujengea na kukataza mbao za mapambo. Wapiga picha Bernd na Hilla Becher walizipiga nyumba za eneo hili kwa miaka mingi kwa sababu ya usahili huo, na ukisimama karibu unawaelewa.

Nina lawama moja kwa mwongozaji wetu. Alimsifu sana Johann Moritz wa Nassau-Siegen, ambaye mji ulijengwa upya chini ya utawala wake, akagusia kwamba aliwahi kuwa gavana wa Waholanzi huko Brazil. Akaishia hapo. Lakini ni gavana huyohuyo aliyetuma meli zikaiteka ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, mwaka 1637 na Luanda mwaka 1641, ili mashamba ya miwa ya Brazil yapate watumwa kutoka Afrika. Nilipouliza, alikiri kwamba ni kweli, kisha tukaendelea kutembea. Kwangu mimi hiyo ni sehemu ya historia ya mahali hapa. Mgeni Mwafrika hapaswi kuwa ndiye wa kuikumbusha.

Nyumba ya wageni niliyolala ilikuwa safi, ila ngazi zake ni nyembamba na zina mwinuko mkali, dari ni ya chini, na sakafu inalia kila ukigeuka. Mwenye magoti mabovu au mtoto mdogo aulize mapema kama kuna chumba cha chini. Pia niliambiwa ningepata chakula cha jioni nikakuta jiko limefungwa, na Jumapili maduka hayafunguliwi, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi.

Kufika si kazi. Kutoka Köln unapanda treni ya mkoa hadi Siegen, kisha basi. Tiketi ya mwezi, ile Deutschlandticket, inatosha njia nzima. Matembezi yetu yalikuwa ya Kijerumani. Kama hukimudu, ulizia lugha nyingine kabla ya kulipa. Na humo ndani watu wanaishi, hayo si maonyesho: usichungulie madirishani wala usikae kwenye ngazi za mlangoni kwa mtu. Bibi mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake nilimsalimia kwanza, naye akanionyesha mwenyewe boriti iliyobadilishwa upande wa nyuma, mti mpya umepachikwa kwenye wa zamani, na mahali walipoungana kisu hakipenyi.