Vyombo vya mawese, chai na uji: kipi ukinunue kwanza, kipi ukiache dukani

Chukua kopo la plastiki lililowahi kuwekwa mawese. Lisugue kwa sabuni, kwa majivu, kwa maji ya moto: ule wekundu hautoki. Huku Kigoma tumeuzoea hata hatuutazami mara mbili. Lakini wekundu huo ni ushahidi kwamba mafuta yamepenya ndani ya plastiki yenyewe, na penye njia ya kuingilia pana njia ya kutokea. Baadhi ya kemikali zinazochanganywa kiwandani ili plastiki ilainike au ikakamae nazo hupenda mafuta. Chakula kikiwa na mafuta, na zaidi kikiwa cha moto, zinahamia humo.

Juzi mdogo wangu, mjamzito wa miezi mitano, aliniomba nimsindikize soko la Mwanga anunue vyombo vya nyumba yake. Tulizunguka asubuhi nzima, na mwongozo huu umetokana na mizunguko ile.

Kwanza, tunaogopa nini? Homoni ni wajumbe wa mwili, na hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Bisfenoli A, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake BPA, huigiza estrojeni, homoni ya kike. Jambo hilo lilionekana maabara huko London tangu 1936. BPA hutumika kutengenezea plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na utando wa ndani wa baadhi ya makopo ya bati. Kundi la pili ni thaleti, zinazolainisha plastiki ya PVC. Baadhi yake huzuia kazi ya homoni za kiume. Kwa wanyama wa maabara madhara yameonekana wazi kwenye uzazi. Kwa binadamu, tafiti zimezihusisha kemikali hizi na matatizo ya mbegu za kiume, ya tezi na ya kisukari, ingawa kuthibitisha kwamba ndizo chanzo ni kazi ngumu zaidi. Anayebeba hatari kubwa ni mtoto aliye tumboni na mchanga anayenyonya, kwa kuwa viungo vyake ndiyo kwanza vinapangwa.

Ulaya walipiga marufuku BPA kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Mwaka 2023 wataalamu wao wa chakula walishusha kiwango wanachokiona salama mara 20,000, na mwisho wa 2024 ikaamuliwa iondolewe kwenye vyombo na vifungashio vya chakula. Jambo linalonitia moyo ni kwamba BPA haikai mwilini: sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Mwaka 2011 huko California watu 20 walikula vyakula vilivyoandaliwa upya, visivyofungashwa, kwa siku tatu tu, na BPA kwenye mikojo yao ikashuka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kubadilisha chombo leo si kazi bure.

Sasa tununue. Kama fedha ni kidogo, na mara nyingi ndivyo ilivyo, zitumie kwanza kwenye chombo cha chakula cha moto na chombo cha mafuta. Maji baridi yanaweza kusubiri.

Nafasi ya kwanza naipa stili. Haipasuki, haishiki harufu ya dagaa, na mtoto akiiangusha unaiokota tu. Shida ni kwamba wauzaji huita "hotipoti ya stili" hata ile iliyo na stili nje tu. Fungua mfuniko, ingiza mkono, gonga sakafu ya ndani kwa ukucha. Stili inalia, plastiki inatoa sauti nzito iliyokufa. Kisha geuza mfuniko, maana mvuke wa ugali hutua pale na kudondokea chakula. Tuliyoichagua ilikuwa na stili ndani pande zote. Muuzaji alitusihi tuchukue ya plastiki: "Mama, hii hata ukiikanyaga haipasuki." Kweli haipasuki, ila ugali wa moto unashinda umeigusa.

Ya pili, na kwa mawese ningeiweka ya kwanza, ni chupa ya kioo. Kioo hakinyonyi mafuta wala hakitoi kitu. Huhitaji mpya: chupa za mvinyo na za jamu zikioshwa vizuri na kukaushwa zinatosha. Mawese yaache yapoe kidogo kabla ya kumimina, kioo kisije kikapasuka. Kwa safari ya boti kutoka Kibirizi au basi la Kasulu kioo ni mzigo wa wasiwasi, nakubali. Chupa ya chai yenye kioo ndani nayo iko hapa. Ganda lake ni plastiki lakini chai haiigusi.

Mtungi wa udongo usio na rangi ya kung'aa ni wa maji tu, na kwa maji ni mzuri sana.

Plastiki ya kukubalika ni namba 2 na namba 5. Geuza chombo, tafuta pembetatu ya mishale kwenye kitako: namba iliyo humo hutaja aina ya plastiki. Madumu mengi ni namba 2, ndoo nyingi ni 5. Hizi hazihitaji BPA wala thaleti ili zitengenezwe, ingawa viwanda huongeza rangi na vitu vingine. Zitumie kwa maji, unga, maharage makavu. Tatizo ni mawese yanayomiminwa dumuni yakiwa bado ya moto. Nimeona dumu likilainika mpaka likajipinda, na yalipopoa tumbo lake likabonyea ndani. Ukinunua kwa mkamuaji, mwombe asubiri yapoe. Atanung'unika, subiri naye.

Chupa ya maji ya dukani ni namba 1. Haitengenezwi kwa BPA, lakini iliundwa itumike mara moja. Usiijaze uji wa moto.

Viache dukani: namba 3, yaani PVC, ambayo mara nyingi ndiyo mpira laini unaong'aa wa kunyonyea mawese kutoka kwenye pipa, namba 6, maboksi meupe mepesi ya chakula cha kubeba, na chombo chochote kisicho na namba kabisa. Namba 7 ni mchanganyiko wa plastiki nyingi, na humo mna ile ngumu yenye BPA. Kwa chupa ya mtoto, maneno "haina BPA" yasikumalizie maswali, kwa kuwa viwanda vingine vimeweka BPS, kemikali ya jamii moja na BPA, badala yake, nayo huigiza estrojeni vilevile. Kikombe kidogo cha stili na kijiko vinamtosha mtoto anayeanza uji.

Na ule mfuko wa nailoni tunaofunikia wali jikoni ili mkaa usiishe, tafadhali uacheni. Mfuniko mzito wenye jiwe juu unafanya kazi hiyohiyo.

Mdogo wangu alirudi na hotipoti moja, vikombe viwili vya stili na chupa nne za kioo. Madumu yake ya zamani hatukuyatupa. Mawili yanachota maji, moja lina sabuni ya maji, na lile lililowahi kuwekwa mafuta ya taa tumeliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: SI LA CHAKULA.